Risasi ya Garfield, na hii habari ya "itoeni kwanza"

Jamani nimechoka. Kila akiletwa mtu wa risasi, ndugu wakiona kile kipande cheupe kwenye eksirei ni kelele tu, "Dokta, mbona bado imo, mnasubiri nini?" na ukiwaambia imekaa pahali haisumbui tutaiacha, wanakuona hujasoma. Filamu ndo zimetuharibia. Risasi ikishasimama kazi yake imeisha kwa kiasi kikubwa, kinachoua ni ilichokata njiani na uchafu ulioingia. Ikiwa kwenye kiungo au imebana neva, sawa, tunatoa, hayo siku nyingine. Andrew Jackson alipigwa risasi ya kifua 1806 kwenye pambano la bastola, ikabaki humohumo, akawa rais wa Marekani mihula miwili, akafa 1845.

Sasa mwangalie James Garfield, rais wa 20 wa Marekani. Kwa haraka: kazaliwa 1831 Ohio kwenye kibanda cha magogo, baba akafa yeye bado mdogo sana, akafanya kazi kwenye boti za mfereji, akawa mwalimu, jenerali, mbunge miaka 17, afu 1880 chama chake cha Republican kikapiga kura raundi 36 kutafuta mgombea urais ndo kikamwangukia yeye ambaye hata hakuwa anagombea. Pia alikuwa na uthibitisho wake mwenyewe wa kanuni ya Pythagoras, hii naiweka tu kwa sababu naipenda. Kaapishwa Machi 1881, miezi ya mwanzo ikaishia kugombana na seneta Conkling kuhusu nani apewe forodha ya New York. Tarehe 2 Julai, stesheni ya treni Washington, Charles Guiteau, aliyekuwa anautaka ukonsuli (ubalozi mdogo) wa Paris akanyimwa, akamfyatulia mbili kwa nyuma. Moja ikamkwaruza mkono, nyingine ikaingia mgongoni upande wa kulia.

Na hapa ndo napandwa na hasira. Palepale stesheni madaktari wakaanza kuingiza vidole kwenye tundu, bila kunawa, kuitafuta risasi! Joseph Lister, yule mpasuaji Mwingereza wa kuua vijidudu kwenye vidonda, alishaenda Philadelphia 1876 kuwaeleza habari ya vijidudu, wengi hawakumwamini. Dk. Willard Bliss akashika usukani, akaamini risasi iko kulia, wakaendelea kuchokoa hukohuko wiki kwa wiki. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaja na kifaa cha kutafuta chuma mwilini, Bliss akamruhusu apime kulia tu. Usaha ukachimba njia ndefu kutoka kwenye kidonda mpaka karibu na kinena, na wao wakadhani hiyo ndo njia ya risasi, yani njia waliyosaidia kuitengeneza wenyewe. Mgonjwa akakonda vibaya, ikafika hatua analishwa kwa njia ya haja kubwa, akafa 19 Septemba. Walipofungua maiti risasi ilikuwa kushoto, chini ya kongosho, imepita kwenye pingili ya mgongo bila kugusa ule uzi wa neva unaopita ndani yake, na mwili umeshaizungushia kovu. Imetulia zake.

Ila wale wa "madaktari ndo walimuua, risasi haina kosa" nao waache. Guiteau alijitetea hivyohivyo mahakamani, akanyongwa 1882. Kilichommaliza dakika za mwisho ni mshipa wa damu wa wengu uliovimba ukapasuka, na mshipa huo uko jirani kabisa na ilikopita risasi. Je, ungepasuka hata kama hakuna aliyemgusa? Mimi nadhani maambukizi yalikuwa yameshammaliza, lakini siwezi kukuapia, na kuna wapasuaji wenzangu wanaosema ni kibofu cha nyongo kilichooza. Na eksirei hawakuwa nayo, ilikuja 1895, kwa hiyo kutojua ilipo risasi siwalaumu. Nawalaumu vidole.

Bliss baadaye akadai malipo ya dola 25,000. Bunge likamwambia chukua 6,500, akakataa.