Mawakili wa Japani: tunayoyaamini na yaliyopo

"Wajapani hawapendi mahakama, ndiyo maana mawakili wao ni wachache."

Dhana hii imelelewa na wasomi wenyewe. Mwaka 1967 mwanasheria Kawashima Takeyoshi alieleza kwamba Mjapani wa kawaida huona haya kumshitaki mwenzake, na kwamba ugomvi humalizwa kwa mazungumzo na wapatanishi. Wageni wakaidaka hoja hiyo na kuifanya tabia ya taifa zima. Mwaka 1978 Mmarekani John Haley akaigeuza: kabla ya kulaumu utamaduni, alisema, hesabu kwanza majaji na mawakili waliopo, uone kesi inachukua muda gani na inagharimu nini.

Ukihesabu, picha inabadilika. Kwa miongo kadhaa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliofaulu mtihani wa taifa wa sheria walikuwa kama 500 tu kwa mwaka, kati ya watahiniwa zaidi ya 20,000. Na hao 500 hawakuwa mawakili wote, kwa maana majaji na waendesha mashtaka hutoka kwenye kapu hilohilo. Mlango ulikuwa tundu la sindano, na serikali ndiyo iliyoutengeneza hivyo.

Mwaka 2001 baraza la mageuzi ya sheria lilipendekeza mlango upanuliwe. Shule mpya za sheria za ngazi ya uzamili zilifunguliwa mwaka 2004, na lengo likawa watu 3,000 wafaulu kila mwaka ifikapo 2010. Lengo hilo halikufikiwa hata mara moja. Idadi iligota kwenye 2,000 na kidogo, serikali ikaliacha mwaka 2013, kisha 2015 ikatulia kwenye 1,500. Shule zaidi ya 70 zilizokuwepo, zaidi ya nusu hazipokei tena wanafunzi. Hata hivyo mawakili wameongezeka kutoka kama 17,000 mwaka 2000 hadi zaidi ya 45,000 mwaka 2024.

Kuna tukio moja ambalo kwangu linaivunja dhana hii kuliko takwimu zote. Kampuni za mikopo zilikuwa zikitoza riba iliyovuka kikomo cha sheria ya madai, ambacho ni 15% hadi 20%, lakini bila kufika 29.2% ambako jinai ilianzia. Mwanzoni mwa 2006 Mahakama ya Juu ilizikatia njia hiyo. Wadaiwa wakajua kwamba wana haki ya kurudishiwa walicholipa kupita kiasi, na mawakili, ambao tangu 2000 waliruhusiwa kujitangaza, wakawaita kwa matangazo. Watu walimiminika. Kesi za madai katika mahakama za wilaya zilipanda hadi kilele mwaka 2009, kisha zikashuka madai hayo yalipopungua. Haya waliyosemwa kuwa nayo ilikuwa wapi? Walikuwa wamekosa mtu wa kuwashika mkono.

"Mawakili wote wako Tokyo."

Hapa dhana ina ukweli ndani yake: karibu nusu ya mawakili wamejiandikisha Tokyo. Katikati ya miaka ya 1990 yalikuwepo maeneo mengi yenye tawi la mahakama lakini yasiyo na wakili hata mmoja, au yenye mmoja tu. Fikiria mji una wakili mmoja, na mume ameshamwajiri; mke anayedai talaka aende wapi?

Chama cha mawakili kilichanga fedha za wanachama wake na kuanzisha ofisi zinazoitwa Himawari, yaani alizeti, ua lililo kwenye beji ya kila wakili wa Japani likiwa na mizani katikati. Ya kwanza ilifunguliwa Hamada, mkoa wa Shimane, mwaka 2000. Kisha serikali ikaanzisha Hoterasu, kituo cha taifa cha msaada wa kisheria, kilichoanza kazi 2006 na kupeleka mawakili wa kuajiriwa hadi visiwani kama Sado na Iki. Baada ya tsunami ya Machi 2011 kilifungua ofisi za muda katika miji ya pwani iliyosombwa, ambako watu walikuwa na maswali ya mirathi na mikopo ya nyumba ambazo hazipo tena. Kufikia mwisho wa 2011 hakukuwa na eneo la mahakama lililobaki bila wakili.

Linaloniuma ni hili: msaada huo kwa kawaida si wa bure. Ushauri wa mwanzo ni bure kwa wenye kipato kidogo, lakini ada ya wakili Hoterasu hukulipia tu kwa muda, nawe unairudisha kidogo kidogo kila mwezi. Kwa masikini hilo ni deni juu ya shida.

"Kesi za jinai zinaishia hukumuni kwa zaidi ya 99%, kwa hiyo wakili wa utetezi ni pambo."

Asilimia hiyo ni kweli, ila inasomwa vibaya. Mwendesha mashtaka wa Japani ana uhuru wa kutomshitaki mtu hata akiwa na ushahidi, na hupeleka mahakamani kesi anazoamini atashinda. Ndiyo maana kazi kubwa ya wakili huwa kabla ya mashtaka, katika siku 23 ambazo mtuhumiwa anaweza kushikiliwa. Mwaka 1990 mawakili wa mkoa wa Oita walianza utaratibu wa kwenda rumande kumwona aliyekamatwa, ziara ya kwanza ikiwa bure, na baada ya kama miaka miwili utaratibu huo ukawa umeenea nchi nzima. Wakili wa kulipwa na serikali kabla ya mashtaka alikuja 2006 kwa makosa mazito, na tangu 2018 ni haki ya kila aliyewekwa mahabusu kwa amri ya mahakama akiwa hana uwezo wa kumlipa wakili. Lakini hadi leo wakili hakai chumbani mteja wake anapohojiwa. Hakamada Iwao, aliyekamatwa 1966 kwa tuhuma za mauaji na kuhojiwa hadi akakiri, alitangazwa na mahakama kuwa hana hatia Septemba 2024.

Mahakamani nako mambo yamebadilika. Tangu 2009 kesi nzito husikilizwa na majaji watatu pamoja na raia sita waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Msomaji aliyezoea wazee wa baraza asiwachanganye: wazee wetu hutoa maoni yasiyomfunga jaji, ilhali raia wa Japani hupiga kura juu ya hatia na adhabu pia. Wakili imembidi ajifunze kusema, kwa sababu maelezo marefu ya maandishi hayamfikii muuza duka aliyeketi mbele yake.

"Sheria ni kazi ya wanaume."

Ilikuwa hivyo kwa mujibu wa sheria hadi 1936. Wanawake watatu, Nakata Masako, Mibuchi Yoshiko na Kume Ai, walifaulu mtihani 1938 na kuwa mawakili 1940. Leo ni kama mmoja kati ya watano, na hiyo bado ni hesabu ndogo.

"Asiyekuwa wakili ni karani tu."

Hapa neno letu "wakili" linatuponza. Mjapani ana bengoshi, ambaye ndiye wakili kamili, lakini pia ana wataalamu wa kodi, wa hataza (haki za uvumbuzi), wa vibali vya serikali, na shiho shoshi wapatao 23,000. Asili ya shiho shoshi ni mwandishi wa nyaraka za mahakama aliyetambuliwa na kanuni za mwaka 1872, pamoja na msemaji wa mahakamani ambaye baadaye akawa wakili. Kwa zaidi ya karne aliandika hati na kusajili ardhi. Tangu 2003 waliothibitishwa wanaruhusiwa kusimama katika mahakama za ngazi ya chini kabisa, na leo kikomo cha madai ni yeni milioni 1.4.

Kazi yake imekua kwa sababu nchi inazeeka. Ardhi ambayo mwenyewe hajulikani ilikadiriwa 2016 kuwa hekta milioni 4.1, kubwa kuliko kisiwa cha Kyushu, kwa kuwa vizazi vilirithi bila kusajili. Tangu Aprili 2024 mrithi analazimika kusajili ndani ya miaka mitatu tangu ajue amerithi, vinginevyo anaweza kutozwa hadi yeni 100,000. Shiho shoshi ndiye anayefukua daftari za familia kuwatafuta warithi wote, hata wakifika thelathini.

Na kuna ulezi wa watu wazima, ulioanza Aprili 2000 kwa ajili ya wazee waliopoteza kumbukumbu na wengine wasioweza kuamua mambo yao. Mwanzoni, walezi zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa ndugu wa familia. Sasa ndugu ni chini ya mmoja kati ya watano, na kundi kubwa zaidi la wataalamu wanaoteuliwa na mahakama za familia ni shiho shoshi. Yeye ndiye anayeshika kitabu cha benki cha mzee, anayelipa bili za makao ya wazee, anayetia saini mikataba ya huduma, na anayeomba kibali cha mahakama nyumba ya mzee inapobidi kuuzwa.