Je, wajua? Jina lako kwenye orodha ya michango halikufutwa, limedondoka

Mwaka 2019 nilimpigia simu katibu wa kamati ya harusi kabla sijanywa hata chai. Harusi ilikuwa ya binamu yangu, Moshi, na usiku uliotangulia nilikuwa nimejiandika mwenyewe kwenye orodha ya ahadi ndani ya kundi la WhatsApp: namba 23, laki moja, kadi ya dabo. Kulipokucha orodha ilikuwa imefika 31, mimi simo. Namba 23 amekaa mtu mwingine kabisa. Kwenye simu ile neno "umenifuta" lilinitoka mara tatu. Katibu, mzee wa watu, mwalimu mstaafu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Sasa mwanangu, mimi nitakufutaje?"

Nilidhani ni kejeli. Kumbe lilikuwa swali, tena lenye jibu la kuvutia kuliko harusi yenyewe (harusi ilikuwa nzuri, ndafu ilikuwepo, binamu asinielewe vibaya).

Tuanze na kile ambacho hakikuwezekana. Mwaka ule hakuna mtu kwenye kundi la WhatsApp, awe admini au asiwe, aliyeweza kuingia kwenye ujumbe wa mwenzake na kuubadilisha. Hata leo hayupo. Mwaka 2022 maadmini walipewa uwezo wa kumfutia mwanakundi ujumbe, lakini unafutika mzima, na mahali pake panabaki maandishi yanayosema admini ndiye kaufuta. Mei 2023 ikaja kuhariri: unarekebisha ujumbe uliouandika wewe, ndani ya dakika 15, na alama kwamba umehaririwa haiondoki. Kuingia kwenye ujumbe wa mtu, kuchomoa mstari wa 23 na kuondoka kimya kimya, hiyo njia haipo. Ujumbe wangu wa usiku ule ulikuwa palepale nilipouacha, jina langu ndani yake, zima kabisa. Sikwenda kuutazama. Nani hupandisha juu kusoma ya jana wakati orodha mpya iko hapa chini?

Kosa langu lilianzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "orodha" kana kwamba ni moja. Orodha iko wapi? Orodha imefika ngapi? Nani anayo orodha? Ukisikia hivyo unapata picha ya kitu kimoja kilichotundikwa mahali, na jina likikosekana lazima kuna mkono uliolitoa. Lakini kwenye kundi hakuna orodha moja. Zipo zaidi ya 31, kila moja ni nakala ya iliyotangulia pamoja na mstari mmoja wa ziada. Anayejiandika haandiki kwenye orodha ya wenzake. Anaibonyeza kwa muda mrefu, anakopi, anapesti kwenye kisanduku chake, anaongeza jina chini, anatuma. Kile cha zamani hakijaguswa. Kimezaliwa kipya, na wote tunakubaliana bila kuambiana kwamba cha chini kabisa ndicho cha kweli.

Makubaliano hayo ndiyo yaliyonimeza.

Waliowahi kukaa vikao vya harusi vya zamani wanalikumbuka kaunta buku. Lilianzia kwa mwenyekiti, likazunguka ukumbi mkono kwa mkono, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isitoroke. Mama aliye kulia kwako akiandika, unasubiri. Hata ukiwa na haraka ya kuwahi hiace ya Kibosho, unasubiri, kwa sababu daftari ni moja. Kwa njia hiyo watu wawili hawawezi kuwa namba 23.

Sasa fikiria daftari halizunguki. Ukurasa wenye majina 22 upo mezani, na yeyote anayetaka kujiandika anakwenda nao stesheneri, anatoa kopi, anarudisha alioukuta, anaandika jina lake chini ya kopi yake akiwa amekaa popote, kisha anarudi kuiweka juu ya rundo. Ndeshi anatoka na kopi ya 22. Kabla hajarudi, Exaud naye anatoa kopi ya ukurasa uleule wa 22. Ndeshi anajiandika 23, anaweka juu ya rundo. Dakika moja baadaye Exaud anajiandika 23, anaweka juu ya ya Ndeshi. Wa tatu anayekuja anachukua ya juu, kama kila mtu. Ya juu haina Ndeshi na haijawahi kuwa naye. Kuanzia hapo kila kopi itakayozaliwa itatokana na ukurasa usiomjua, mpaka siku ya harusi.

Ukipenda hesabu kuliko majina, chukua wauzaji wawili wa duka moja pale Mbuyuni wanaotumia kadi moja ya stoo. Kadi inasema mifuko ya sukari ni 10. Wote wawili wameisoma. Huyu anauza mfuko mmoja, anaandika 9. Yule anauza mmoja, anaandika 9. Kadi inasema 9, stoo ina 8, na jioni tajiri ataanza kuuliza nani mwizi. Hakuna mwizi. Wote wawili wameandika kweli tupu kutokana na walichokisoma.

Wataalamu wa kompyuta walikutana na ugonjwa huu mapema, pale benki na mashirika ya ndege yalipoanza kuruhusu watu wengi waguse kumbukumbu moja kwa wakati mmoja. Mmoja wa walioupatia dawa miaka ya 1970 ni Jim Gray wa kampuni ya kompyuta ya IBM, ambaye kazi yake juu ya kumbukumbu zisizopoteana ilimpa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1998. (Januari 2007 alitoka na mashua peke yake nje ya San Francisco na hajapatikana mpaka leo. Siwezi kutaja kazi yake bila kulikumbuka hilo.) Dawa zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza ni kufuli: aliyeishika kumbukumbu anaifunga, wengine wanangoja, yaani kaunta buku. Ya pili ni kuwaacha wote waandike wakitumaini hawatagongana, kisha kabla ya kupokea cha mtu unakagua kama alichokisoma bado ndicho kilichopo. Kikiwa kimebadilika, anaambiwa arudie.

WhatsApp haina hata moja kati ya hizo, kwa sababu haikutengenezwa kutunza orodha. Imetengenezwa kupeleka maneno. Orodha tumeileta sisi.

Kinachonifurahisha ni kwamba makundi ya Moshi yamejitengenezea dawa zote mbili kwa adabu tupu. Utaona mtu kaandika "Subirini kidogo, najiongeza." Hilo ni kufuli, na ukituma orodha yako katikati ya subira ya mwenzako watu watakuona huna malezi, ingawa hakuna sheria iliyoandikwa. Kamati nyingine huweka mwandishi mmoja tu: "Nitumieni inboksi, nitawaingiza." Na dawa ya pili, ya kukagua na kurudia, ni lile ombi unalolisoma kila baada ya kikao: "Katibu, naona jina langu limedondoka, naomba nirudishwe."

Litazame hilo neno, limedondoka. Katibu wangu angeweza kunifundisha somo zima hapo, maana alikuwa mwalimu wa Kiswahili. "Limefutwa" lina mtu nyuma yake, hata asipotajwa. "Limedondoka" halina mtu. Jina limeanguka lenyewe kama parachichi usiku. Mimi nilidhani watu husema hivyo kwa kuogopana, heshima ya kuficha ukweli. Kumbe sarufi ya adabu ndiyo iliyokuwa sahihi kiufundi, na hasira yangu ndiyo iliyokosea.

Kuna hesabu ndogo inayoeleza kwa nini majina hudondoka usiku wa kikao na siyo Jumatano ya kawaida. Chukua watu 40 wanaojiandika ndani ya saa moja baada ya mwenyekiti kusema "jamani, orodha imefunguliwa." Kukopi, kuandika jina, kusita kama uweke hamsini au laki, kutuma: tuseme dakika moja na nusu. Arobaini mara moja na nusu ni dakika 60. Yaani katika saa hiyo nzima, kwa wastani, muda wote kuna mtu mmoja ameishika orodha. Ukiingia, uwezekano mkubwa ni kwamba kuna mwenzako yuko ndani. Watu haohao 40 ukiwatawanya kwa siku nne, ni nadra wakutane. Na hapo sijamhesabu mtu wa Rombo ambaye bando limekata katikati: kaandika jina lake chini ya orodha ya saa mbili, ujumbe ukakaa unasubiri mtandao, ukaenda saa nne. Huyo hadondoshi mmoja. Anadondosha wote waliojiandika katika hizo saa mbili, na yeye amelala.

Sisemi hila haiwezekani. Mtu anaweza kukopi, akatoa mstari wako kwa makusudi, akapesti. Lakini anayefanya hivyo huacha alama tofauti. Aidha namba zinaruka kutoka 22 kwenda 24, au mtu amezipanga upya zote, na kabla ya hapo utakuta orodha kadhaa za watu wengine ambazo jina lako limo. Mgongano wa kawaida huonekana hivi: pandisha juu, utakuta orodha mbili zinazoishia na namba ileile, majina tofauti, zimepishana dakika chache.

Baadaye nilipochaguliwa katibu wa kamati nyingine, Arusha safari hii, nilikuja na tiba. Nikatengeneza jedwali la mtandaoni, safi, kila mtu anaweza kuandika bila kumgonga mwenzake. Nikatuma kiungo. Wiki nzima waliojaza ni wanne, na mmoja ni mimi. Siku ya nane mama mmoja akaandika kwenye kundi "1. Mama Ndeshi – 100,000", bila kumwomba mtu ruhusa, na mpaka usiku walifika 19.

Nilikuwa nimedhani orodha ni hesabu. Hesabu ni kazi yake ndogo. Mwanafalsafa wa Marekani David Lewis, mwaka 1969, alieleza tofauti kati ya jambo ambalo kila mtu analijua na jambo ambalo kila mtu anajua kwamba wenzake wanalijua, na wenzake wanajua kwamba yeye anajua, na kuendelea. Jedwali langu lilitoa la kwanza. Ukijaza, mweka hazina anajua. Ukikopi na kupesti orodha, simu za watu wote zinalia, na unakuwa umesimama ukumbini umesema kiasi chako. Wajomba wamekuona, na unajua wamekuona. Ule usumbufu wa kutuma upya majina yote 22 kwa ajili ya moja, ambao mimi niliuona uzembe, ndio kusimama kwenyewe.

Ndiyo maana orodha ina miiko ambayo jedwali halina. Anayeanza huwa mtu mzima wa familia, na kiasi chake huonekana kuvuta vya wengine, ingawa hilo nalisema kutokana na makundi machache niliyokaa. Anayejiandika wa 40 huwa amejificha kidogo, kwa sababu ujumbe ukirefuka WhatsApp huukata na kuweka "Soma zaidi", wanaobaki uso kwa uso na kundi ni wale wa juu. Tiki ya kijani mbele ya jina huwekwa na mweka hazina peke yake, pesa ikishaingia. Kujiwekea tiki mwenyewe, hata kama umetuma kweli na meseji ya muamala unayo, ni aibu ambayo nimeiona mara moja tu. Na wakati orodha inatembea hakuna kutuma picha za "asubuhi njema", kwa sababu zikiingia tatu orodha inapanda juu, na mvivu wa kupandisha atakopi ya jana.

Nilirudi kwenye kundi la 2019 wakati naandika haya. Bado lipo kwenye simu yangu. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kutoka kwanza, maana enzi hizo ukitoka kundi zima lilitangaziwa. Nikapandisha mpaka usiku ule. Orodha yangu inayoishia 23 ilitumwa saa tatu na dakika nane. Saa tatu na dakika tisa ipo nyingine inayoishia 23, ya shemeji yangu. Yeye ndiye aliyeniambia asubuhi ile nisinyamaze, nimpigie katibu.