Kabla ya kumwita mtoto mtukutu, ulizeni kuhusu mimba ya mama yake

Watoto walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni mara nyingi hawaletwi hospitali wakiwa wachanga. Huletwa shule inapoanza kulalamika: hatulii, leo amesahau alichokielewa jana, katumwa dukani vitu viwili karudi na kimoja na chenji hajui iliko. Kufikia hapo viboko vimeshatembea, na pengine hata kwa mganga wameshafika.

Kinachochelewesha jibu ni swali moja: mama alikunywa pombe akiwa mjamzito? Mhudumu huona haya kuuliza, mama huogopa kujibu, hasa mama mkwe akiwa kakaa pembeni. Tuwaulize wanawake wakiwa peke yao, tena bila kukunja uso. Wengi walikunywa kabla hawajajua kuwa wana mimba: bia za harusini, mbege ya sherehe ya ukoo. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ini lake bado haliwezi kuivunja. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, iwe bia, mvinyo au gongo. Hata hivyo, si kila mtoto huathirika. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2017 ni takriban mtoto mmoja kwa kila wanawake 13 waliokunywa wakiwa wajawazito.

Familia huja zikitarajia kipimo cha damu. Hakipo. Daktari hutazama ukuaji, uso, utendaji wa ubongo na historia ya mimba, kwa hiyo mahudhurio huwa zaidi ya moja. Alama za uso, yaani macho yenye mpasuo mfupi, kifereji cha chini ya pua kilichosawazika na mdomo wa juu mwembamba, zilielezwa na daktari Lemoine huko Ufaransa mwaka 1968, kisha na madaktari Jones na Smith wa Seattle, Marekani, mwaka 1973. Kwa midomo minene kama yetu, chati ya picha ya kulinganishia mdomo na kifereji, iliyotengenezwa kwa Wazungu, hupotosha. Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle kina nyingine kwa Wamarekani weusi. Isitoshe, watoto wengi wenye tatizo hili hawana alama hizo kabisa. Ndiyo maana ndugu husema, "Mbona mzima huyu?"

Jibu likipatikana, nafuu na uchungu huja pamoja. Mzazi hugundua kuwa mwanawe hakuwa jeuri. Dakika hiyo hiyo hujiona yeye ndiye mkosaji. Nyumbani lawama humwangukia mama peke yake, na baba aliyekuwa akizinunua bia hizo haulizwi chochote. Mimi naona hilo ni dhuluma, na linawafundisha wanawake wengine kuficha. Bibi anayemlea mjukuu ana mzigo wake: mama wa mtoto hayupo, na habari za mimba inabidi azisake kwa mashangazi na majirani. Asikate tamaa, alama zote tatu za uso zikiwepo pamoja na athari za ubongo, utambuzi unaweza kufanyika hata bila historia hiyo.

Athari za ubongo haziponi, lakini malezi yakibadilika mtoto hubadilika. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja, tena kwa maneno machache. Ratiba ya nyumbani isiyumbe. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha la barabarani. Fimbo haisaidii, kwa sababu mara nyingi mtoto huyu hawezi kuunganisha kosa la asubuhi na adhabu ya jioni.

Anzeni kituo cha afya cha karibu, mwombe rufaa kwenda kliniki ya watoto; kwa Dar es Salaam ni hospitali za Temeke, Amana au Mwananyamala, na ikibidi Muhimbili. Bebeni kadi ya kliniki na ripoti za shule. Mwambieni daktari pia kuhusu wadogo zake mtoto, hata wanaoonekana wazima. Na kama mama bado anakunywa kila siku na ana mimba nyingine, asiache ghafla peke yake: mwili uliozoea pombe nyingi unaweza kupata degedege, kwa hiyo aachishwe chini ya uangalizi wa daktari, na aende wiki hii hii.