Koma ya Kiingereza haifuati pumzi

Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hapa Mbeya huamini kwamba koma ya Kiingereza huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi. Si kweli. Pumzi hutofautiana kwa kila mtu. Koma hufuata muundo wa sentensi.

Tazama: "The rain stopped, we went to Mwanjelwa." Kwa Kiswahili, "Mvua ilikatika, tukaenda Mwanjelwa" ni sentensi safi, kwa sababu "-ka-" inaunganisha matukio hayo mawili. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Kila upande una kiima na kitenzi chake, unajitosheleza, na koma peke yake haiwezi kuziunganisha. Weka nukta au nukta mkato, ama ongeza "and" baada ya koma. Ukianza na "When the rain stopped", koma inatosha, maana sehemu hiyo sasa ni tegemezi. Kosa hili linastahili subira ya mwalimu: mtoto anaandika kwa mantiki ya lugha yake.

Kinyume chake, "The farmers who grow potatoes in Uyole, sell them in Tunduma" haihitaji koma yoyote. Kiima ni kirefu, ndiyo, lakini hakitenganishwi na kitenzi chake "sell" kwa koma moja.