Tangawizi kavu haijafa

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba tangawizi ikikaushwa au kuchemshwa, faida yake yote imekwisha. Si kweli. Ukali wa tangawizi mbichi hutokana hasa na jinjeroli, ambayo ni antioksidanti, yaani kemikali inayosaidia kukinga seli za mwili zisiharibiwe. Ikipata joto, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji ndani ya molekuli zake na kugeuka shogaoli. Hiyo nayo ni antioksidanti, tena huwasha zaidi: lamba unga wa tangawizi kavu kwenye ncha ya kijiko, koo litakuambia. Kinachopotea kweli ni mafuta ya harufu, yanayopaa na mvuke.

Ukiichemsha tangawizi, kikwazo halisi cha kuipata faida hiyo ni maji. Jinjeroli huyeyuka humo kwa shida, ndiyo maana maabara hutumia ethanoli, yaani alkoholi, kuikamua. Tafuna makapi yaliyobaki kwenye chujio: bado yanawasha ulimi.