Je, wajua kwa nini Wakristo waligawanyika kwa neno, na watawa wa Kibudha wakagombana kwa chumvi?

Jumamosi pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, hukosi kukuta meza ya dagaa iliyofunikwa turubai. Mwenyewe ni Msabato, yuko kanisani. Jirani yake Mkatoliki anamtunzia mali, na kesho yake zamu inageuka. Wote wawili wanamwita Yesu Bwana. Sasa mbona wanasali mbalimbali? Na Wabudha, wasio na kanuni ya imani ya kukiri kwa pamoja kila juma, wanaelewana vipi?

Tazama kila dini imeweka nini mlangoni. Ukristo uliweka imani. Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu katika mji wa Nikea, wakaamua kuwa Mwana ana asili moja na Baba. Ario, aliyefundisha kuwa Mwana aliumbwa, akatengwa. Tangu hapo neno moja ndani ya ungamo linaweza kutenga watu. Ingia kwenye Misa ya Wakatoliki hapa mjini, utasikia Roho Mtakatifu "atokaye kwa Baba na Mwana". Nenda kwa Waothodoksi, ambao wana jimbo lenye jina la Mwanza, hilo "na Mwana" halimo. Ni mojawapo ya mambo yaliyotenganisha Roma na Konstantinopoli, mpasuko unaohesabiwa tangu 1054. Wapo wanaouona huu ni ubishi wa bure. Mimi siuoni hivyo: anayeamini kwamba wokovu wake uko kwa Mungu lazima ajali Mungu huyo anatajwaje.

Ubudha mlangoni uliweka mwenendo. Mapokeo yanasema kama miaka 100 baada ya kifo cha Budha, watawa walikutana Vesali, India, kwa ajili ya mambo kumi. Moja lilikuwa hili: je, mtawa aruhusiwe kuweka akiba ya chumvi ndani ya pembe, aitie kwenye chakula kisichokolea? Kwa muuza kayabo, samaki wa chumvi, chumvi ni mtaji. Kwa mtawa anayeishi kwa kuomba chakula cha siku, akiba ni kuvunja kanuni. Wakakataa, na dhahabu na fedha wakakataa pia.

Waliotofautiana kwa mafundisho, kumbe, waliweza kulala nyumba moja. Xuanzang, mtawa Mchina aliyezunguka India karne ya 7, alikuta monasteri ambamo wafuasi wa Mahayana, moja ya matawi makubwa ya Ubudha, na wasioifuata wanaishi pamoja. Budha mwenyewe alifananisha mafundisho yake na chelezo cha nyasi na matawi: ukishavuka, hukibebi kichwani. Aliyevuka Kigongo hadi Busisi kwa pantoni ataelewa haraka.

Lakini ugomvi wa mafundisho ulikuwepo. Japani, karne ya 13, mtawa Nichiren alizishutumu shule nyingine waziwazi. Hata hivyo, mwaka 1967, mjini Colombo, Sri Lanka, watawa wa Mahayana na wa Theravada, tawi jingine kubwa, walikubaliana kwa maandishi yanayowaunganisha: Budha ndiye mwalimu wao, Kweli Nne kuhusu mateso na njia ya kuyamaliza ni za wote. Wakakiri pia kwamba ibada na desturi hutofautiana nchi kwa nchi, na zisichanganywe na kiini cha mafundisho.