Tone linalozima maumivu ya jicho linaweza kuzuia kidonda kisifunge

Mkwaruzo wa juu ya konea, ule unaoachwa na ukucha wa mtoto, cheche ya grainda au ncha ya ufagio, kwa kawaida hufunga ndani ya siku 1 hadi 3. Kwa hiyo mgonjwa akitufikia kliniki ya macho wiki ya pili akiwa na kidonda kilekile, tena kimetanuka, tunamuuliza kwanza ameweka dawa gani. Mara nyingi jibu analo mfukoni: kichupa kilichofutika maandishi, alichopewa na fundi mwenzake kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au alichouziwa dukani bila jicho kupimwa.

Konea ni kile kioo angavu cha mbele ya jicho, chenye unene wa nusu milimita hivi. Utando wake wa juu una tabaka 5 hadi 7 tu za seli. Haina mishipa ya damu; oksijeni huipata hewani kupitia machozi. Neva inazo nyingi mno, na ndiyo sababu punje moja ya mchanga humnyima mtu mzima usingizi. Utando huo ukichubuka, seli za kando ya jeraha hujilaza na kuteleza kuelekea katikati mpaka zikutane, kisha huzaliana na kurudisha unene. Kujishikiza imara huchukua wiki kadhaa. Kazi yote hiyo hutegemea machozi, kope zinazopepesa na neva zinazohisi, kwa kuwa neva hizo pia hutoa kemikali zinazozitunza seli.

Tone la ganzi huvuruga vyote vitatu. Mwaka 1884 Carl Koller, daktari kijana wa Vienna, aligundua kuwa kokeini hutia jicho ganzi, na upasuaji wa macho ukabadilika kabisa. Haikupita muda madaktari wakaona kwamba dawa hiyohiyo inaharibu konea. Tetrakaini na nyingine za leo ni bora zaidi, lakini tatizo halijaisha. Kliniki tunaweka tone moja au mawili tukitoa kipande cha chuma au kupima presha ya jicho, na hapo hakuna shida. Shida huanza mgonjwa anapokwenda na kichupa nyumbani. Ganzi huisha baada ya dakika kama 20, maumivu yanarudi, naye anaweka tena. Seli haziwezi kuteleza wala kugawanyika, kope hupepesa kwa nadra, na mtu analifikicha jicho asijue anaumia.

Tukiweka rangi ya kupimia na kumulika kwa taa ya bluu, sehemu iliyochubuka hung'aa kijani. Kidonda kinachopona kina kingo nyembamba zinazosogea ndani siku hadi siku. Cha mtu anayetumia ganzi kina kingo za kijivu zilizojikunja na kurundikana, hazisogei. Akiendelea, duara jeupe hujitokeza kuzunguka kidonda, konea inalainika, na inaweza kutoboka.

Wachomeleaji ndio wanaonisikitisha zaidi, maana hawahitaji kabisa tone hilo. Mwanga wa kuchomelea huunguza utando wa juu bila mtu kuhisi kitu mchana. Maumivu makali huanza saa 6 hadi 12 baadaye, usiku wa manane. Kidonda hicho hupona chenyewe kwa siku moja au mbili. Paracetamoli ya kumeza, matone ya kulainisha, chumba chenye giza na kupumzika vinatosha, na kesho yake avae kinyago cha kuchomelea.

Matone ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na wekundu, ni hatari ya namna nyingine, kwani hulifanya jicho lionekane zuri. Wekundu unapungua, mgonjwa anafurahi, kumbe kinga imelala. Jicho likiwa limechomwa na jani la mhindi au mti, huenda fangasi wameingia, na steroidi huwafungulia njia. Virusi vya herpesi navyo hutambaa na kuacha kovu. Matumizi ya muda mrefu yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Vichupa vingi vina steroidi iliyochanganywa na antibayotiki, na mnunuzi huambiwa ni "dawa ya macho" tu. Soma maandishi: ukiona jina linaloanza na dexa au predni, usiliweke kwenye jicho lililoumia mpaka daktari wa macho amelipima. Sisi wenyewe tunazitumia, baada ya upasuaji kwa mfano, ila kwa kipimo na kwa ufuatiliaji.

Antibiotiki haifungi kidonda. Inakilinda kisiingiwe na bakteria wakati seli zinafanya kazi yake. Kloramfenikoli kwa siku chache haina usumbufu mkubwa. Jentamaisini ikiwekwa mara nyingi mno kwa muda mrefu huchubua utando uleule tunaotaka ufunge. Matone ya diklofenaki hupunguza maumivu, lakini kwa mwenye kisukari au macho makavu yamewahi kuyeyusha konea, hivyo yasitumiwe kiholela.

Kuna kitu kingine ndani ya vichupa ambacho hakitajwi dukani: kihifadhi cha kuzuia vijidudu. Kile kinachotumika zaidi, benzalkoniamu, hutenda kama sabuni kwenye machozi na kwenye seli. Tone moja moja si neno, lakini matone mengi kwa siku, miezi na miezi, huuacha utando ukiwa na vidoadoa vya michubuko. Mgonjwa wa presha ya macho asisitishe dawa yake kwa sababu hiyo, maana atapoteza uoni. Amwombe daktari dawa isiyo na kihifadhi.

Saruji au chokaa ikiingia jichoni, usitafute tone lolote. Funua kope umwagie maji safi mfululizo kwa nusu saa, kisha nenda hospitali. Maziwa ya mama, maji ya majani na sukari visiwekwe kabisa.

Mkwaruzo mdogo wa kawaida unaweza kusubiri hadi asubuhi, isipokuwa ukiona doa jeupe kwenye konea, uoni kufifia, au maumivu yasiyopungua baada ya saa 24. Hapo nenda siku hiyohiyo, iwe hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT Msasani, zote za Dar es Salaam, au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe. Anayevaa lenzi azivue na aje nazo. Na kichupa ulichotumia usikitupe njiani kwa kuogopa kufokewa. Kilete hata kama maandishi yamefutika, kwa sababu tukijua kilichomo tunajua tuache nini na tuanze na nini.